Pesa Mbichi na Pesa Kavu

Juzi, katika ofisi ya wilaya hapa Homa Bay, nilimkuta afisa amewasimamisha akina mama watano wa ufuoni mbele ya meza yake, kisahani cha wino kiko tayari. Wakitia kidole gumba, uwanja wao wa kuanikia dagaa wa omena unakwenda kwa kampuni ya wageni.

Afisa alikuwa na gazeti mkononi. "Mama zangu, tazameni Ulaya. Ayalandi na Denmaki, nchi ndogo zote mbili. Ayalandi imeingiza mitaji ya wageni mingi kuliko mwenzake. Mnataka kubaki nyuma?"

 Mmoja alikwisha kunyoosha kidole juu ya wino. Mkubwa wao akamshika mkono.

"Mwanangu," akamwuliza afisa, "hizo pesa zimepimwa mbichi au kavu?"

"Kivipi, mama?"

"Sisi beseni likitoka ziwani limejaa, hatushangilii. Tunaanika kwanza. Jua likishakula fungu lake na ndege wakishakula lao, ndipo tunapima. Hao wageni walirudisha kiasi gani kwao? Umekitoa kwenye hesabu?"

Afisa alisoma ukurasa mzima tena, akaugeuza. "Hapa hawakuandika."

"Basi na sisi hatuandiki."

Wakatoka mmoja mmoja, vidole safi. Mimi Denmaki siijui iko wapi. Ila niliona afisa anafunika wino usikauke, na mtu hafuniki wino asioutaka kesho.