Kona ya Muvumu

Mimi sikuomba kuandika haya. Vijana wa kwaya ndio walionijia na daftari na kalamu, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakala viazi vyangu, halafu wakasema: bibi, tuandikie habari za yule mzee anayechomeka vijiti pale kwenye kona kila mvua zikianza, tujue kama akili zake ni nzima. Mimi niliishia darasa la pili, na mkono huu umezoea jembe. Lakini nikiwaachia waandike wenyewe watatia vya kwao. Yule mzee ni Desderius, mdogo wangu, tumbo moja, na akili anazo. Someni, na msinirudie na maswali.

Desderius alizaliwa hapa hapa Kirushya, na tangu utotoni alipenda magari kama wengine wanavyopenda nyama. Alipata kazi ya utingo kwenye lori la misheni. Hakuna aliyemfundisha kuendesha. Alikaa pembeni ya dereva akatazama miguu yake, mwaka hata mwaka, mpaka miguu yake mwenyewe ikajua. Alipomwoa Francisca, binti wa Murusagamba, hakuwa na kitu ila baiskeli. Wakalima maharage, wakapika rubisi, ile pombe ya ndizi, wakauza. Francisca akamuuza na ng'ombe wake, yule aliyepewa na baba yake. Ndipo wakanunua Landrova kuukuu iliyokuwa imelala kwenye majani huko Biharamulo, kuku wakitagia ndani. Gari likawa la wawili, na kijiji kizima kilijua, maana Francisca hakuchoka kulisema.

Waipa zake zilikuwa zimekufa. Desderius akafunga kamba ya katani kwenye waipa zote mbili, ncha moja ikaingia dirisha la kulia na nyingine la kushoto, akaziunganisha ndani. Mvua ikinyesha, Francisca alikaa kiti cha kushoto akavuta huku, akavuta kule, na kioo kikafunguka.

Kisha ukaja ule mwaka watu walipovuka Rusumo kwa maelfu wakikimbia kutoka Rwanda, na vilima vyetu vikavaa maturubai. Watu wale walipewa maharage makavu, na maharage makavu hayaivi kwa kutazamwa. Wakakata miti. Walimaliza ya karibu, wakaifuata ya mbali, na Desderius akawa anabeba kuni kwa Landrova yake, kwani gari lazima linywe petroli na watoto wapate kula.

Kwenye barabara ya kwenda gulioni kulikuwa na mti mkubwa wa muvumu, babu yetu aliupanda kwa mkono wake. Barabara ilikuja moja kwa moja kuelekea mti ule, kisha ikakata kulia. Kila dereva alijua: shina likijaa kioo, kata kulia, basi. Desderius aliijua kona ile tangu akiwa utingo, usiku na mchana, jua na ukungu. Watu wakaukata na huo. Msiseme ni wakimbizi tu. Wao walikuwa na njaa. Aliyerudisha gari kinyumenyume hadi kwenye kisiki akapakia magogo ni mdogo wangu, na hakuna aliyemshikia panga. Mvua zilizofuata zikachimba korongo pale mizizi ilipokuwa ikishika udongo. Lakini watu waliendelea kusema "nishushe Muvumu", kana kwamba upo.

Wakati huo kulikuwa na klabu ya magari. Aliyeianzisha ni Shilinde, fundi wa Biharamulo mwenye Pijo nyeupe, kijana wa maneno mengi. Hawakuwa madereva wa kazi: wenye maduka, mwalimu mmoja, watu na shughuli zao. Jumamosi na Jumapili walikimbiza magari, wawili wawili, kutoka daraja la mbao hadi gulioni. Watu wa kambi walijipanga kando kutazama, maana nao walihitaji kitu cha kutazama zaidi ya foleni ya maji.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Desderius alishindana na Nshoma, mwenye duka, aliyekuwa na Datsuni. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Datsuni ilizama kwenye tope nusu ya njia, Desderius akapita akimpungia mkono. Gulioni Shilinde alikuwa akimsubiri, amekaa juu ya boneti.

"Shikamoo mzee. Naona gari lako lina waipa inayovaa kitenge."

"Marahaba. Inavaa kitenge na inapika pia."

"Inakula ugali kiasi gani?"

"Niulize mwenyewe," akasema Francisca, akikunja kamba. "Nawe fundi mzima, Pijo yako inakula mafuta na bado inakohoa."

Watu wakacheka. Shilinde naye akacheka, lakini akashuka kwenye boneti. Akafungua buti: tairi nne mpya, bado zina vinyweleo vya kiwandani. Desderius akasogea akazipapasa, moja baada ya nyingine. Tairi zake zote nne zilikuwa vipara. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, na bila tairi Landrova ingerudi kulala kwenye majani.

"Kesho, mimi na wewe," akasema Shilinde. "Ukinishinda, hizi zako. Nikikushinda, naondoka na Landrova."

"Haya."

Alisema "haya" bila kugeuza shingo kumtazama mke wake.

Nyumbani Francisca hakupiga kelele. Alimwekea chakula, akasubiri amalize.

"Baba Claudia, ng'ombe wangu alikuwa na miguu mingapi?"

"Mama Claudia, acha."

"Miwili ya mbele umeichezea kamari leo. Ya nyuma umeniachia?"

"Nikienda taratibu na tairi hizi tutalipoteza gari vilevile. Bora nijaribu."

"Basi kesho nami nakaa mle ndani. Kama linaondoka, liondoke nikiwa nimelikalia."

Desderius alimkatalia. Alisema angemchukua Matiasi, jirani yetu, avute kamba. Francisca akamwambia Matiasi anavuta kama mtu anayekamua ng'ombe wa jirani, mara moja moja, kwa woga. Hilo lilikuwa kweli. Desderius akaichukua kamba, akamwekea mke wake mapajani.

Jumapili, baada ya misa, mvua ilikuja kutoka upande wa Burundi kama mtu aliyekasirika. Wengine walisema iahirishwe. Shilinde akamwangalia Desderius, Desderius akamwangalia Shilinde, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Wakaondoka darajani pamoja. Pijo ilitangulia, ikimrushia tope kwenye kioo, na Francisca akavuta, huku, kule, huku, kule, mabega yote yakifanya kazi. Kwenye mteremko Pijo iliteleza mkia. Landrova nzito ikapita kando yake. Desderius akasikia watu asiowaona wakipiga vigelegele kwenye mvua.

"Tumempita!" akasema Francisca. "Kaza!"

Akakaza. Maji yalimwagika kwenye kioo kama yanamiminwa kwa ndoo. Kamba ikivuta, anaona kidogo; ikirudi, haoni. Kiangazi macho yake yalikuwa yakitazama barabara yenyewe. Sasa barabara haikuwapo, kila kitu kilikuwa rangi moja ya tope, na mwili wake ukarudi kwenye alichokijua tangu ujana. Akangoja shina lijaze kioo.

"Baba Claudia, kona!"

"Bado. Muvumu sijauona."

Francisca aliacha kuvuta. Aligeuka akamtazama, na Desderius akaona uso wake ukielewa kabla yeye hajaelewa. Kisha mbele hapakuwa na kitu cha kutazama, wala shina wala barabara, na gari likainama.

Liliangukia ubavu wa kushoto, chini kabisa ya korongo, maji yakipita ndani. Watu wa kambi waliteremka kwa makalio kwenye tope, wakalinyanyua kwa mikono mitupu, wakihesabu kwa Kinyarwanda. Mama mmoja mkimbizi, Nimpaye, ndiye aliyeifungua kamba kwenye vidole vya Francisca, kidole kimoja baada ya kingine, akivipuliza kana kwamba vinauma. Havikuwa vinauma tena.

Shilinde aliiegesha Pijo, akazitoa zile tairi nne, akaziteremsha hadi alipokaa Desderius, akaziweka karibu naye.  Desderius hakuziona. Zilikaa pale mpaka maji yakazichukua.

Tangu tumzike Francisca hajashika usukani. Anatembea kwa miguu mpaka Ngara mjini na kurudi. Mvua zikianza anakata fimbo mbichi ya muvumu, urefu wa mkono, anaichomeka pale kisiki kilipoozea, anaizungushia miiba. Fimbo ya muvumu haihitaji mbegu, ikishika inakuwa mti. Lakini haijashika hata moja, kwa sababu mbuzi wa kijiji hiki wanatembea kama hawana wenyewe.

Sasa ninyi mliokula viazi vyangu. Mbuzi wale ni wa baba zenu, nawajua mmoja mmoja kwa masikio. Wafungeni. Halafu mvua ikianza, kila mmoja wenu aje pale na fimbo yake mbichi na mzigo wa miiba. Msimpe mdogo wangu pole, hizo amezisikia. Mpeni fimbo, mshikieni miiba, na msiondoke mpaka ua usimame imara.