Hati ya Tabia Njema kutoka kwa Mtani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilipomaliza chuo hasira zenyewe zilikuwa zimesomeshwa sheria. Nilikuwa tayari kumshtaki yeyote kwa lolote. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba wenzetu waliotutangulia walikuwa wakimaliza masomo wanapangiwa ofisi, meza, na hata mtu wa kuwaletea chai. Sisi tulimaliza wakati wa ruksa. Ilikuwa ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa fulana ya mtumba yenye maandishi usiyoyajua maana yake. Kazi ya serikali peke yake ndiyo haikuwa ruksa tena. Ilibidi uiombe.

Nilichokuwa naomba ni mwaka mmoja wa kufundishwa kazi katika ofisi za wanasheria wa serikali. Tulioomba tuliitwa wanasheria wanagenzi, neno lililotufanya tujione watu kabla hatujawa chochote. Nafasi zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Bila mwaka huo shahada yangu ilikuwa karatasi nzuri ya kutundika ukutani kwa baba, Masasi, na mimi mwenyewe ningebaki kuwa binti wa mwalimu mstaafu anayesubiri kitu asichokijua.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Nilikamilisha zote isipokuwa kipengele kimoja, kilichotaka hati ya tabia njema kutoka kwa katibu kata wa mahali mwombaji alipozaliwa na kukulia. Hati iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na muhuri ugongwe juu ya mfuniko wa bahasha. Mimi nilizaliwa na kukulia Newala, kwa bibi mzaa mama, kabla baba hajanichukua kwenda kusoma. Basi nikapanda gari la kwenda Newala na koti langu la mtumba, nikijua kwamba ni kazi ya nusu saa.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba katibu kata alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu huko walikotoka wazee, na kwetu utani si mzaha wa kuchagua. Mtani akikukuta na kofia mpya anaivaa anaondoka nayo. Ukifiwa, yeye ndiye anayehangaika na kaburi na kuwachekesha wanaolia. Na jambo moja hawezi kulifanya, hata umshikie panga: hawezi kukusifu mbele za watu.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaeleza kwamba anaipokea kwa niaba ya serikali, maana yeye binafsi haihitaji shikamoo kutoka ukoo wetu. Akavaa miwani, akaisoma fomu mara mbili, akanirudishia.

"Haiwezekani," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni, kwamba fomu inataka aseme mimi ni mwema, na yeye ni mtani wangu. Hapo nikasimama. Nikamtolea somo zima la tofauti kati ya mtu na wadhifa wake, na namna ofisi ya umma isivyofungwa na mila za anayeikalia. Alinisikiliza vizuri sana. Nilimalizia kwa kumwambia kwamba ndani ya chumba kile yeye hakuwa mtani, alikuwa serikali.

"Serikali imenikuta mtani," alijibu.

Nikapendekeza karani wake aandike badala yake. Karani alikuwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo mtani vilevile, na tena alionekana kulipokea wazo hilo kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Nikauliza kama kuna mtu yeyote katika ofisi ile asiye wa ukoo wao. Walitazamana. Alikuwepo mmoja, wakasema, lakini serikali ilikuwa imempunguza kazini tangu mwezi wa nne.

Mwishowe katibu alikubali kuandika, kwa sharti kwamba ataandika yale anayoweza kuyaandika. Mimi katika ujinga wangu nikadhani ataandika sentensi mbili kavu. Aliandika muda mrefu, kwa mwandiko wa zamani uliolala upande mmoja, ulimi ukiwa umechungulia. Alipomaliza aliwaita ndani waliokuwa wakisubiri nje, wakulima wawili wa korosho na mama mmoja aliyekuja kwa kesi ya mbuzi na kumleta mbuzi mwenyewe kama ushahidi. Akasimama akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Barua ilianza kama barua zote za serikali, kwa 'Kwa yeyote anayehusika' na kichwa kilichopigiwa mstari. Kisha ikasema kwamba aliyetajwa hapo juu anafahamika sana katika kata hii kwa wizi wa mabibo ya mikorosho ya watu, na kwamba akiwa na umri wa miaka saba alitegua mtego wa jirani akala samaki nchanga wa watu, yaani panya wa porini ambao jirani alikuwa amewatega kwa ajili ya harusi. Kwamba hula kwa niaba ya watu watatu. Kwamba kichwa chake ni kikubwa kupita mahitaji, na wizara ijiandae kumshonea kofia. Kwamba alikwenda kusoma sheria ili awatetee wajomba zake, ambao wote ni wezi. Kwamba bibi yake aliyemlea alipofariki hakuja kumzika, alikuwa anafanya mtihani. Kwamba kutokana na hayo ofisi hii inamwombea asipewe nafasi, na akipewa lisiwe kosa la ofisi hii. Wako katika ujenzi wa taifa.

Wakulima walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama wa mbuzi alisema ile ya kichwa ni kweli. Mimi nilisikia yote, na lile la bibi nililisikia pia, ila nilijifanya halikupita masikioni mwangu.

Nilimsihi aandike nyingine. Akasema karatasi yenye nembo ilikuwa ya mwisho. Kidau cha muhuri nacho kilikuwa kimekauka kama chapati ya juzi, kwa sababu siku hizi wino kila ofisi inajitafutia yenyewe. Akaomba maji ya kukilainisha. Newala, mwezi wa kumi na moja, unaomba maji ya kulainishia muhuri. Dumu la ofisi lilikuwa tupu na muuza maji hakuwa amepita. Katibu akainama chini ya meza, akatoa chupa ya uraka, ile pombe ya mabibo, akanyunyizia kidau kwa uangalifu wa daktari, akagonga. Muhuri ulitoka safi. Akaifunga bahasha, akagonga tena juu ya mfuniko, na baada ya kuisoma mbele ya watu wazima watatu na mbuzi, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: SIRI.

Baba alikuwa amerudi kutoka kwenye shamba lake la mikorosho la Chiwata nilipofika Masasi. Nilimsomea barua yote kutoka kichwani, nikaliruka lile la bibi. Alicheka akafuta machozi, akacheka tena, halafu akakumbuka kwamba ni maisha yangu tunayoyazungumza. Akanipeleka mwenyewe kwa katibu kata wa kwao pale Masasi, kijana mstaarabu aliyetukaribisha viti. Kijana alisema hanijui, na kwa kuwa hanijui hawezi kuthibitisha kwamba mimi si mwizi. Kwa hilo, alisema, ni lazima niende Newala.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Ningeweza kuifungua bahasha na kughushi nyingine, lakini nilijua kifungu, nilijua adhabu, na nilijua kwamba mwanasheria mwanagenzi anayeanza kazi kwa kughushi hati ya tabia njema atachekwa hata na wafungwa wenzake. Nikaipeleka ilivyo.

Niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam pamoja na wengine wengi, wote wamevaa makoti yaliyowahi kuvaliwa na Wazungu. Walionisaili walikuwa watatu: mwenyekiti, mama mmoja wa makamo ambaye hakutabasamu hata alipotukaribisha, na wanaume wawili pembeni yake. Waliniuliza mambo ya mikataba na ushahidi, nikajibu vizuri, nafsi ikaanza kutulia. Ndipo mwenyekiti alipochukua bahasha. Aliigeuza, akaisogeza puani.

"Hii barua imekunywa nini?" aliuliza.

Nilimweleza habari ya kidau na maji. Akaifungua, akaisoma kimya, akarudi juu, akaisoma tena, kisha akasema kwamba kwa ajili ya kumbukumbu itabidi isomwe kwa sauti. Aliisoma yote, pamoja na samaki nchanga, kwa sauti ileile ya kusomea hukumu. Bwana wa kushoto kwake alianza kukohoa kwenye kichwa kikubwa, na kwenye wajomba akaomba kusema.

"Mwenyekiti, naomba kujitoa katika shauri hili," alisema. "Mimi ni mtu wa Songea. Wangoni na hawa wa Newala ni watani."

Mwenyekiti alimuuliza kama hawezi kutenda haki hata akijitahidi. Akajibu kwamba kimila inampasa aninyime, na anaogopa ataonea raha. Akaruhusiwa. Tulimsikia korido nzima akicheka mpaka mlango wa mbali ukafungwa.

Basi mwenyekiti akanitazama, akataka nieleze jopo liipe hati ile uzito gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yangu ya kwanza, na mshtakiwa nilikuwa mimi. Nilisema shahidi huyu amefungwa na mila kusema kinyume, kwa hiyo kila baya aliloliandika lichukuliwe kuwa jema. Nilisema angenisifu ndipo wangekuwa na sababu ya kunishuku, maana ingeonyesha kwamba nimemhonga au amenikana. Nilinogewa. Nikaifikia hatua ya kudai kwamba hakuna mwombaji mwingine aliyeleta hati nzuri kama yangu. Bwana aliyebaki alikuwa ameinamisha uso mezani, mabega yakimtikisika.

Mwenyekiti alingoja nimalize.

"Kwa hiyo yote yaliyomo humu ni uongo?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni, na lingetosha. Nilikuwa nimeshashinda, nililiona hilo waziwazi. Lakini nikasimama pale na ile hoja yangu nzuri mkononi, na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu hapo.

"Moja ni kweli," nilisema.

Hakuniuliza lipi. Nikamwambia kwamba simu ya maandishi ilinifikia chuoni ukiwa umebaki mtihani mmoja. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sheria ya ardhi, nikaingia kwenye mtihani. Nilijiambia kwamba njia ni mbaya na kivuko kinasumbua, nisingewahi mazishi hata kidogo, na hilo lilikuwa kweli. Lakini arobaini ilifika nayo sikwenda. Na mwezi uliopita nilikwenda Newala kuchukua hati hii hii, makaburi yako mwendo wa robo saa kutoka ofisini, nikapanda gari nikarudi. Nilimaliza kusema. Bwana wa pembeni alikuwa ameinua uso na hakuwa anacheka tena. Mwenyekiti aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akasema watanijulisha.

Barua ya kukubaliwa ilifika kwenye sanduku la posta la baba baada ya wiki tatu. Nilipewa siku kumi na nne za kuripoti. Siku ya pili yake nilikuwa Newala.

Katibu kata aliniuliza kama nimepata. Nilipomwambia nimepata, alivua kofia akasimama kimya kidogo kwa ajili ya taifa. Karani alicheka. Mimi nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, nikamuuliza ni sheria gani inayomruhusu mtu kuingiza msiba wa bibi yangu kwenye barua ya ofisi. Yale mengine ni utani, nilisema. Lile halikuwa utani.

"Halikuwa utani," alikubali.

Akamwambia karani atoke. Kisha akanihadithia siku ile ya mazishi, ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amenihadithia. Yeye kama mtani alikuwa na haki yake, akaitumia. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa aliruka akaingia, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka mjukuu wa marehemu, yule msomi, aje amtoe. Watu walicheka. Wakampa kuku ili atoke, akakataa. Wakaongeza wa pili, akakataa. Mama zangu wakaacha kucheka, na shehe akasema jua linakwenda.

"Nikaona hutokei," alisema. "Nikatoka mwenyewe."

Alifunga daftari la kata, akachukua kofia yake, akafunga ofisi saa nne asubuhi na watu wakiwa kwenye benchi, akatangulia kunionyesha kaburi. Nililia njia nzima, na yeye, kama inavyompasa mtani, alinicheka njia nzima.