Shujaa Aliyeshindwa Kupiga Hodi

Jumamosi iliyopita, katika jumba la sinema hapa Iringa, nilimwona shujaa mwenye kinyago akinyanyua garimoshi kama ananyanyua kikapu cha viazi. Vijana walipiga miluzi. Mimi nilianza kusinzia.

Kisha shujaa akafika kwa mama yake. Sauti yote ikakatika. Mtengenezaji wa sinema ile, fundi kweli, hakutuonyesha tena uso. Alituonyesha kivuli cha mkono tu juu ya mlango: umeinuliwa, haugongi.

"Mwoga!" vijana wakapiga kelele.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akasogea ukingoni mwa kiti. Akasema taratibu, kama yuko nyumbani kwake, "Karibu, baba. Pita ndani."

Kivuli kikashuka. Shujaa akapaa zake.

Tulipotoka nilimuuliza mama yule kama alikielewa Kiingereza cha sinema ile.

"Hata neno moja," alijibu, akikaza khanga mabegani. "Kijana wangu yuko Mbeya. Mwaka jana alikuja mpaka Nyololo, njiani kuja huku, akashuka, akapanda basi la kurudi. Aliona aibu kuja mikono mitupu. Mimi naitaka mikono hiyohiyo."

Wanaosema sinema hizi ni za watoto, waende wakakae nyuma ya mama yule.

Jana nilimkuta tena pale dirishani, anakata tiketi. Muuzaji alimwonya, "Mama, leo ni ileile ya Jumamosi."

"Najua," alisema. "Labda leo atapiga hodi."