Koti Kwenye Kiti

Mkurugenzi alipotutangazia kwamba kila mtu aje saa inayomfaa, mradi kazi iishe, tulipiga makofi na karibu wote hatukumwamini. Ofisi yetu ya Manika ilitayarisha hati za malori ya shaba yanayokwenda mpakani, na mimi nilikuwa mkuu wa makarani. Nilifika saa moja asubuhi, nikatundika koti kwenye kiti ili wapitao wajue nipo, kisha nikaenda kula maandazi na kupiga soga hadi saa nne. Wanaume wote pale tulifanya hivyo.

Aliyeamini alikuwa karani mmoja tu, mwanamke. Mumewe, mchimbaji, aliangukiwa na udongo shimoni, na miguu yake haikusogea tena. Kila asubuhi mkewe alimwogesha, akamlisha, akamsubiri wifi yake aje kukaa naye, ndipo akapanda pikipiki kuja kazini. Aliingia saa nne, akaketi, hakuinuka. Ikifika saa tisa amemaliza dosie, yaani majalada ya malori, nyingi kuliko sisi wanne kwa pamoja, zangu zikiwemo. Nilimchukia kwa hilo. Nasema wazi, nilimchukia.

Kisha ikaja amri karani mmoja apunguzwe, na mkurugenzi akaniuliza nani hafai. Nilimjua asiyefaa, nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo. Nikampelekea daftari la mahudhurio. Saa nne, saa nne, saa nne na robo. Chanda chema huvikwa pete, wanasema, kwetu kilikatwa. Mkurugenzi, aliyetoa ruhusa ile kwa kinywa chake mwenyewe, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatia sahihi.

Mama yule alikuja mezani kwangu, akaniita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata, mu kazi yangu mulikuwa makosa?"

"Hapana, mama."

"Sasa sababu njo nini?"

"Ulikuwa unafika saa ine."

Hakulia, na hilo liliniudhi. Aliomba cheti cha kazi apeleke ofisi nyingine. Nikaandika kwamba kazi anaijua vizuri, ila ana mazoea ya kuchelewa. Akasoma akiwa amesimama.

"Tata, toa tu ile mustari moja. Juu ya bwana yangu ule mugonjwa."

Nikamwambia mimi ni Mkristo, siwezi kuandika uongo, nikapiga muhuri.