Punje ya Mwisho ya Ndengu

Juzi nilimkuta mpwa wangu mezani na wenzake, wakirusha dadu na kuandika mashujaa kwenye karatasi. "Anti," aliniuliza, "huyu shujaa wako tumpe maisha mangapi?" Papo hapo nikasikia harufu ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, yakiungua.

Sisi utotoni kule Mbumbuni dadu hatukuwa nazo. Kaka yangu Mutuku alirudi kutoka shule ya bweni na mchezo huo kichwani, akachonga dadu kwa kipande cha sabuni, na maisha tukayahesabu kwa ndengu. Adui alikuwa Eimu, zimwi la hadithi za nyanya. Shujaa wangu nilimwita Mama: nguvu mbili, ndengu kumi. Kila pigo lilikula punje moja. Zikiisha, umekufa.

Alasiri moja tulikuwa tukicheza nyuma ya jiko Baba alipomfuata Mama humo na mpini wa jembe.

"Nani amekuambia uende kwenu bila ruhusa yangu?"

Tulisikia mfupa wa Mama ukivunjika kama kuni kavu. Mutuku alikimbia kuita majirani. Mimi nilibaki nikitoa ndengu, moja kwa kila pigo, kwa sababu sheria ilikuwa hivyo. Ilipobaki moja niliitia mdomoni, nikaibana kwa ulimi. Hapo hapo Baba akapiga nduru, na mpini ukaanguka.

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemwokoa. Siku niliyomwambia Mama, alicheka sana, akiupapasa mkono wake uliopinda.

"Ni ile sufuria ya muthokoi iliyokuwa motoni, mwanangu. Nilimmwagia yote."

"Anti, mangapi?" mpwa wangu aliuliza tena.

Ulimi wangu ulikuwa bado umeibana ile ndengu.