Mama Aliomba Kiti cha Mbele

Kwa majuma mazima sikukata nguo hata moja. Meza yangu ya kukatia ilikuwa imefunikwa na ramani: Kongo, Zambia, Botswana, Namibia, zote zimeunganishwa kwa pini zangu mwenyewe. Wateja wanakuja kuulizia vikwembe, vitenge vyao vya harusi, mimi nawaambia kesho, kesho, huku mume wangu amepiga magoti juu ya kiti, ameshika mita yangu ya kupimia viuno vya watu, anapima nayo njia ya kutoka Likasi mpaka Windhoek.

Tajiri mmoja wa hapa alikuwa ameuza ndege yake ndogo, ya injini moja, kwa mtu wa Namibia, akatafuta rubani wa kuifikisha. Mume wangu aliendesha ndege za namna hiyo miaka mingi, kisha kazi ikaisha, akabaki kukaa barazani, na kila kikinguruma kitu angani anainua kichwa. Siku aliyoitwa alirudi nyumbani anaimba. Mimi nikaanza maswali.

Nilikuwa naweka kidole kwenye ramani, namwuliza.

"Na moteri ikizimika hapa?"

"Natafuta pahali pa kushuka."

"Hapa ni nini?"

"Pori."

"Na hapa?"

"Pori vilevile. Lakini haitazimika, mama. Ndeke iko muzima. Weye unaogopa bure."

Ndeke ndiyo ndege kwetu, moteri ni injini, na mama ndivyo wanaume wa kwetu wanavyomwita mke wanapotaka anyamaze. Sikunyamaza. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, watu wanachoma pori kila upande, na ukisimama njia ya Kakontwe moshi umeficha mpaka machimbo ya chokaa. Nikamwambia moshi, akasema ataondoka alfajiri. Nikamwambia mvua za kwanza ziko karibu, akasema zikimkuta atalala njiani. Mafuta? Amevua viti vya nyuma, hapo atapanga bidoni, madumu ya mafuta. Alipanga vizuri, siwezi kumsingizia: Lubumbashi kwa ajili ya forodha na polisi, Ndola, Livingstone, Maun, halafu jangwa. Bidoni nyingi zilikuwa za jangwa, maana huko hakuna pa kujaza. Nilizijua hizo safari kama najua sala zangu.

Kilichonikosesha raha kabisa ni sumaku. Ninayo moja ya kuokotea sindano zikimwagika chini. Aliiazima, akaenda nayo uwanjani kwenye ndege. Aliporudisha, nikaitumia kuokota pini, nikaona vidole vyangu vina unga mweusi, laini, unaong'aa kidogo. Nikamfuata nao.

"Hii ni nini?"

"Imetoka mu filtre ya mafuta ya moteri."

"Ni chuma?"

"Kidogo tu."

"Kwa hiyo moteri inajikula yenyewe?"

"Kila moteri inatoa unga kidogo. Ni kawaida."

Akaifuta sumaku kwa shati lake, akarudi kwenye ramani. Hakuniangalia usoni. Eeh! Nimelala na mwanamume huyu kitanda kimoja, namjua akisema kawaida ya kweli na akisema kawaida ya kujituliza.

Nililia. Nilinuna. Nilimpakulia bukari, ndiyo ugali wetu, kavu, bila mboga, akaila yote akasema aksanti, ni tamu. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Mama yangu anakaa nyumba ya nyuma, ua mmoja nasi. Tangu niolewe hajakaa chumba kimoja na mume wangu. Mkwe akipita, mama anageuka. Mama akija, mkwe anatoka kwa mlango mwingine. Wakiwa na la kuambiana linapitia kwangu, hata kama wote wawili wanasikiana vizuri kabisa. Si ugomvi huo, ni heshima. Wanapendana, kila siku wanaulizana hali, na mimi katikati kama simu.

Zilipobaki siku chache, mama alikuja asubuhi akasimama nje ya dirisha la chumba changu cha kushonea. Alitugeuzia mgongo, mimi na mume wangu tuliokuwa ndani, amevaa kikwembe cha kanisani.

"Mutoto yangu, uambie baba, yaya wangu wa Ndola iko mugonjwa sana. Njia ya gari itaniua. Nimesikia ndeke inapita Ndola, na kiti ya mbele iko wazi. Naomba anibebe."

Baba ni mume wangu, ndivyo anavyomwita mkwewe; yaya ni dada yake mkubwa, aliyemlea. Na kiti cha mbele, mtu asiyeijua ndege ile hawezi kuelewa: rubani na abiria wanagusana mabega. Mama yangu, ambaye hapokei hata kikombe cha maji kutoka mkononi mwa mkwewe, anaomba kubanana naye mpaka Zambia! Nikajua dada yake anakufa kweli.

Mume wangu aliweka mita chini. Kumkatalia mama mkwe ombi, tena la kwanza maishani, ni aibu ambayo mwanamume wa kwetu haisahau. Akakuna kichwa, kisha akasema, kwa wingi kama inavyopasa kumsema mkwe:

"Uambie mama banisamehe. Uzito. Bidoni ni mingi."

Nikapeleka dirishani, ingawa alishasikia.

"Uambie baba anipime."

Tukaazima mizani kwa jirani muuza unga. Mama akapanda, mgongo bado ametugeuzia. Mungu wangu, mama alivyokonda! Mfuko wa saruji ulimshinda uzito. Na mimi nikasema, sijui nani alinifungua mdomo:

"Bidoni hizo ni za jangwa. Mpaka Ndola huzihitaji. Ni weye mwenyewe ulinionyesha."

Akanitazama. Safari hii alinitazama usoni. Kisha akaja mpaka dirishani, akageukia ukuta, mikono ameikunja kama mtu aliye mbele ya padri.

"Uambie mama," akasema, "siwezi kubabeba. Moteri ile siiamini."

Sikupeleka. Mara ya kwanza tangu niolewe nilishindwa kupeleka neno. Hasira ilinipanda mpaka machoni.

"Kumbe! Mama yangu hawezi kupanda, lakini baba ya batoto yangu anaweza?"

Akakaa kwenye kiti alichokuwa akipigia magoti. Nje, tukamsikia mama.

"Uambie baba aksanti. Nitaenda na gari."

Akaenda kufunga mzigo wake.

Mchana ule mume wangu alikunja ramani, akampigia simu tajiri, akamwambia injini ifunguliwe kwanza, la sivyo haendi. Tajiri akacheka, akatafuta rubani mwingine. Siku ndege ilipoondoka tulikuwa mezani. Ilipita juu ya paa letu, watoto wakatoka mbio kuangalia. Mume wangu hakuinua kichwa.

Ndege ile ilifika. Ilifika Ndola salama, ikafika mpaka Namibia, injini haikukohoa hata mara moja. Habari hiyo tuliletewa na watu wengi, na wengine walicheka wakimwambia. Mama yeye alikwama mpakani, gari likaharibika tena upande wa pili, na alipofika Ndola alikuta dada yake ameshazikwa.

Siku mama aliporudi, mume wangu alikimbilia chumbani akafunga mlango. Tangu habari ya ndege ifike alikuwa hali chakula, hasemi, hata ndevu hanyoi. Mama hakwenda kwake kupumzika. Alikuja moja kwa moja dirishani na vumbi lake la safari, akageuza mgongo.

"Baba iko?"

"Iko."

"Uambie nimesikia ndeke ilifika."

"Mama, tafadhali..."

"Uambie!" Sauti yake ilipaa, ikapita kwangu, ikapita mlango uliofungwa. "Uambie, yaya nimemulilia mupaka machozi imeisha. Yeye akikufa, machozi ya kumulilia sina tena. Akule."

Sikuwa na la kupeleka. Mlango ulifunguka, akatoka macho mekundu, akakaa mezani. Nikapakua bukari, na safari hii nikaweka mboga, sombe nyingi.