Kamera Isiyo na Ulimi

Jirani yangu Nasiha, wa hapa Kibokoni, ukimwambia maji yamechemka atakuuliza umejuaje. Ndivyo alivyoumbwa. Kazi yake ni kupiga picha kwenye kupamba, siku wanawake wanapokusanyika peke yao kumtazama bibi harusi, mabuibui yamevuliwa na nywele ziko nje. Simu zote huachwa mlangoni. Yeye tu huingia na kikamera chake kinachoenea kiganjani, kwa sababu picha hukaa ndani ya kadi, na kadi hukabidhiwa mama wa bibi harusi kabla watu hawajatawanyika. Wanawake husema kikamera hicho hakina ulimi.

Shida ni kwamba hata macho hakina. Taa yake ikimulika, uso wa bibi harusi huwa mweupe kama unga, na piko, maua meusi ya mikononi yaliyochorwa kutwa nzima, hupotea. Tumu, anayeolewa mwezi huu, alizitazama picha za kupambwa kwa dadake akauliza, "Mikono hii ya nani?" Nasiha aliumia sana. Mama yake Tumu, Bi Ummukulthum, akamwambia waziwazi: alete kamera inayoona na isiyotuma, la sivyo harusi hii itapita bila picha.

Basi Nasiha akachorwa piko mkono wa kushoto, makusudi, akaenda duka la kamera karibu na Mwembe Tayari. Nilimfuata, maana nami sipendi kupitwa. Muuzaji, kijana mpole aitwaye Musyoka, alikuwa na kazi siku hiyo. Kwa nini lenzi hii ina jicho kubwa? Mwanga ukipungua, ndani hufunguka nini? Nasiha akaomba taa za duka zizimwe. Akaupiga picha mkono wake kwa kamera mpya nyepesi, na piko ikatoka ua kwa ua, hata mishipa ya majani. Akacheka peke yake kwa furaha.

"Na picha zinaruka zenyewe mpaka kwa simu yako, mama," Musyoka akaongeza kwa fahari.

Kicheko kikakatika. "Zarukaje?"

"Kwa hewa tu. Lakini unaweza kuzima."

"Mimi n'tajua imezimwa. Wenye nywele zao watajuaje?"

Musyoka akakuna kichwa. Mwishowe akatoa kabatini kamera iliyokwisha kutumika, nzito, imechubuka pembeni. Piko ikaonekana vilevile.

"Hebu itume picha hino kwenye simu yako," Nasiha akamwambia.

Kijana akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akaigeuza juu chini. "Samahani, mama," akasema kwa aibu. "Hii ni ya zamani. Haiwezi."

"Nifungie."

Musyoka akanitazama ili nimweleze. Sikumweleza. Mambo yetu wanawake hayo.

Mtihani wenyewe ulikuwa siku ya kupambwa Tumu, mlangoni mwa ukumbi, kule Tononoka. Bi Ummukulthum alikuwa amekaa na kapu la simu. Nasiha akamwamkia, naye akaitikia macho yakiwa kwenye kamera.

"Kubwa hivi, ikose kutuma?"

Ndipo nilipoelewa kosa letu. Miaka yote hii kilichowatuliza watu ni udogo wa kile kikamera, wala si kadi. Nasiha hakubishana, alimwekea kamera mapajani.

"Itafute njia ya kutuma wewe mwenyewe, Bi Ummukulthum. Waite na wasichana wajuao simu."

Wasichana wakaja, wakabonyeza, wakashindwa. Bi Ummukulthum naye akageuka kuwa Nasiha wa pili, mpaka wageni wakajipanga nje wakinung'unika. Picha yakaa wapi? Kadi yatokaje? Ikishatoka, kamera yabaki na nini? Nasiha akaitoa kadi, akamwonyesha kioo cha nyuma ya kamera, kitupu, kisha akairudisha.

Bi Ummukulthum akausukuma mlango wa nje ukafungwa, akavua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa hina, nyeupe mashinani.

"Nipige mimi kwanza," akasema. "Tangu kupambwa kwangu hakuna aliyenipiga picha kitwa wazi."

Alipoonyeshwa picha aliitazama kwa muda mrefu. "Kumbe nishakuwa kama mamangu," akasema taratibu. Halafu akaitoa kadi mwenyewe, kama alivyofundishwa, akaitia kifuani.

"Haya, ingia."

Bibi harusi alikuwa hajatoka bado, na kadi ile haikurudi. Lau Nasiha asingekuwa na nyingine mkobani, Tumu angepambwa bila picha.